Kilo Kumi za Otilia

Wifi yangu Otilia ana tabia moja ya kuudhi: kila kinachopungua lazima akipigie hesabu. Kipande cha sabuni, ndoo ya maji iliyovuja njiani, hata mwili wake mwenyewe. Mwaka alioumwa malaria alirudi kutoka zahanati, na badala ya kusema amekonda kama watu wengine, akasema, "Wifi, nilikuwa kilo sitini, sasa ni hamsini na saba. Nimepungua asilimia tano." Nani alimuuliza?

Aliolewa na kaka yangu Erasmo, akaacha kahawa za kwao Mbinga, akashuka huku Lundo kwenye samaki. Sisi wa ziwani tulimcheka sana. Tulisema Mmatengo huyu wa milimani ataweza wapi kazi ya usipa, hawa dagaa wa ziwa letu, si atautafuta mtini auchume! Yeye alijifunza kuanika mpaka kikundi chetu cha kuanika na kuuza usipa kikamkabidhi ufunguo wa ghala. Kabla yake ufunguo huo niliushika mimi, Beata, na sisemi uongo, iliniuma.

Jambo la kwanza alilofanya ni kukataza kuanika mchangani. Akajenga vichanja vya miti, akatandika nyavu juu yake. Mimi nikasema anajishaua tu.

Basi mwezi wa nane tukampa kilo mia mbili za usipa mbichi, akarudisha kilo hamsini za mkavu. Kwamba usipa hupungua ukikauka, hilo hata mtoto wa huku anajua. Lakini katibu wetu Blasius alibonyeza simu yake, akapayuka: "Kilo mia na hamsini hazipo! Gawa kwa hamsini. Upungufu wa asilimia mia tatu!" Watu wakaguna. Nami badala ya kunyamaza nikachochea: "Mwaka jana nilipewa mia mbili hizo hizo, nikarudisha sitini. Kilo kumi ziko wapi, wifi?"

Neno mwizi sikulitamka mimi, ila nililifungulia mlango. Lilitamkwa. Otilia akapewa siku tatu: alete kilo kumi, la sivyo atoke kwenye kikundi, na Jumapili asemwe mbele ya jumuiya yote ya kanisa.

Mwingine angelia. Yeye alisimama, akafunga kanga yake vizuri.

"Kwanza, Blasius, hakuna kitu duniani kinachopungua asilimia mia tatu. Kikipungua mia tu kimekwisha, hata harufu haibaki. Huu usipa mbele yako ni nini, mizimu? Unagawa kwa ulichoanza nacho. Mia na hamsini gawa kwa mia mbili, zidisha kwa mia: sabini na tano. Upungufu wa wifi ulikuwa sabini. Tofauti ndiyo hizo kilo kumi, na nitawaonyesha zilikokwenda. Nipeni usipa mbichi kilo ishirini na mizani."

Kilo kumi akaanika kichanjani. Kumi nyingine akaniambia nianike mimi, mchangani, kama nilivyozoea. Nilianika kwa madaha yote. Wanakikundi wakalinda kwa zamu. Otilia hakubanduka pale mchana kutwa, alikula pale, akafukuza kuku pale, na mtu akimsemesha anajibu, "Subiri mizani."

Siku ya tatu alasiri tukapima. Wa kwake: kilo mbili na nusu. Wa kwangu: kilo tatu kamili. Mungu anisamehe, nilipiga kigelegele. "Haya sasa! Nusu kilo hiyo, mmeiona?"

Hakunitazama. Alitandaza kanga chini, akachukua ungo, akamimina usipa wangu, akausugua taratibu kwa viganja, akaupepeta. Mchanga ukaanguka. Akasugua tena, ukaanguka tena, mpaka nikaanza kuona aibu. Akaupima usipa: kilo mbili na nusu. Akaukusanya ule mchanga, akaupima nao: nusu kilo.

"Katika zile sitini za mwaka jana," alisema, "kumi zilikuwa mchanga kama huu."

Loo! Watu wote walinigeukia. Kila mmoja alikumbuka jinsi usipa ule ulivyomkereza meno. Blasius, ambaye hukimbilia kila penye kelele, akafungua daftari la kikundi: "Kumbe mwizi ni Beata! Amewauzia watu mchanga. Naandika."

Nilitamani ardhi inimeze. 

"Futa," Otilia akasema.

"Lakini mama, si wewe mwenyewe umeonyesha..."

"Nimeonyesha mchanga, sijaonyesha mwizi. Alianika kama alivyofundishwa na mama yake. Mimi nimeitwa mwizi siku tatu, Blasius, najua uchungu wake. Humwiti wifi yangu hivyo nikiwa nimesimama hapa. Futa."

Akamsimamia hapo hapo mpaka akafuta. Nililia mbele ya watu wote, wala sikujifunika uso.