Gari Lisilomwaga Mchuzi

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili ambayo shangazi yangu Minza alishuka kwenye gari langu akiwa amelowa mchuzi wa sangara kuanzia kifuani hadi viatuni. Nilikuwa nimemchukua Butimba na sufuria yake mapajani, tunakwenda kwenye harusi ya mtoto wa jirani yake upande wa pili wa mji. Kitenge alichovaa kilikuwa kipya, ndiyo kwanza kinatoka kwa fundi. Watu wa harusi walipokuja kumpokea wakakuta nusu ya mchuzi imo kwenye sufuria na nusu nyingine imo kwa shangazi. Alisalimia, akaomba maji, akajifuta, akaingia ndani kama hakuna kilichotokea. Mimi nilijua kabisa kwamba yangu yanakuja.

Nakusimulia haya kwa sababu mama yako ameniambia unataka kufunga ekzosi kubwa zaidi kwenye hilo gari lako dogo jeusi. Mwanangu, gari lako nalisikia likipanda huku Kiseke kabla hata sijamaliza kuosha kikombe. Sikukatazi. Na usinitazame hivyo, maana mimi unayeniona na miwani na fimbo niliwahi kuendesha gari la michezo mji huu wa Mwanza wakati wewe hata mawazo ya kuzaliwa huna. Kaa basi unywe chai.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila kitu kilikuwa kinaingia: nguo, redio, sabuni zenye harufu ambazo hatukuzijua, na magari yaliyotumika kutoka Japani. Mimi nilikuwa karani kwenye ofisi moja ya pamba. Mambo yalipoyumba tukapunguzwa kazi, na wenzangu wengi wakatumia kiinua mgongo chao kufungua vioski. Mimi nikanunua gari. Nililiona limeegeshwa kwenye uwanja wa muuzaji, jeupe, milango minne, fupi kutoka chini, na muuzaji akafungua boneti akaniambia kwamba hili halikubadilishwa na mtu, kiwanda chenyewe kililitengeneza liwe la kukimbia. Sikujua ninachokitazama mle ndani. Nilijua tu kwamba nimelipenda, na hadi leo sijutii.

Nikalifanya teksi. Hapo ndipo nikakutana na Deo, kijana wa mfanyabiashara mmoja wa samaki, mwenye gari kama langu ila jekundu. Deo alikuwa mcheshi, huwezi kumchukia. Akaniambia, Dada Leti, gari la michezo linataka sauti na linataka kulala chini. Basi nikamsikiliza. Nikafunga bomba kubwa la ekzosi nyuma, nikaweka rimu pana zilizokuwa zinakwaruza kwenye madigadi kila nikikata kona, nikakata springi ili gari lishuke. Nikipita Kirumba watu wote wanageuka. Nilijiona nimefika.

Lakini abiria hawakuniona nimefika. Mama wa sokoni akishaniona nakuja anatazama pembeni kama hanijui. Mzee mmoja alishuka katikati ya safari akasema magoti yake yamesema inatosha. Unajua barabara zetu za wakati ule, mashimo yenye mashimo ndani yake, na gari langu lilikuwa linayasalimia yote moja moja. Siku zikaenda, kazi ikawa hakuna, na Deo akaanza kupita kijiweni kwangu kila asubuhi na swali lake lilelile.

“Dada, unaniuzia lini?”

Alitaka injini yangu iwe akiba ya gari lake. Na kwa kweli nilikuwa nimebakiza hatua ndogo nimpe funguo. Nikishauza, ilikuwa nirudi kijijini kwa kaka zangu, ambao walishasema tangu mwanzo kwamba mwanamke na gari la kukimbia, wapi na wapi. Wangenipokea vizuri, wangenipa chakula, na wangelitaja hilo gari kila siku mpaka nife. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi.

Sasa turudi kwa shangazi. Kesho yake baada ya harusi aliniita kwake Butimba. Shangazi Minza alikuwa ameishi kwa kubeba samaki kichwani kutoka mwaloni, mitumbwi inakoshushia, hadi mitaa ya juu kwenye mawe, na watoto wote aliwasomesha kwa beseni hilo. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba bila kuniangalia, akanishusha hadi bombani, akajaza beseni maji, akaniwekea kichwani, akanionyesha njia ya mawe inayopanda hadi nyumbani kwake. Nikapanda polepole, taratibu kabisa, nimeshika kwa mikono miwili. Nilifika juu nikiwa nimelowa mgongo mzima. Yeye akateremka, akalijaza tena, akapanda kwa mwendo wake wa kila siku, mikono imening'inia, huku akinieleza ugomvi wa kwaya ya kanisani kwao. Akalishusha mbele yangu. Kichwa chake kilikuwa kikavu.

“Umeona?” akaniambia. “Wewe ulitembea polepole na umelowa. Mimi nimekwenda haraka na nimekauka. Gari lako lina miguu, mwanangu, ila halina shingo. Litafutie shingo, halafu uone kama hutawatangulia hao wenye kelele.”

Nilikasirika. Nikajisemea, shangazi hata baiskeli hajawahi kupanda, ananifundisha gari. Nikaondoka kwa hasira, na kwenye shimo la kwanza kabla ya kufika barabara kuu kichwa changu mwenyewe kikagonga paa. Nikacheka peke yangu mle ndani. Nikageuza usukani moja kwa moja hadi kwa fundi Masanja pale Mabatini, nikamwambia nataka gari lisilomwaga.

Masanja alikuwa mtu wa maneno machache. Alilizunguka gari, akaegemea kila kona kwa mikono miwili na kuachia. Kila kona ikawa inadunda, inadunda, haitaki kutulia. Akaniambia shokapu zote zimekufa, na springi niliziua mwenyewe nilipozikata. Nikamuuliza itanigharimu kiasi gani kufufua, akasema si kikubwa nikiwa mvumilivu, kwa sababu kiwanda kilishafanya kazi ngumu, sisi tunarudisha tu tulichokiharibu na kuongeza kidogo.

Unajua fedha ya kuanzia ilitoka wapi? Deo. Nilimuuzia lile bomba na zile rimu. Alifurahi kama mtoto wa sikukuu, akazifunga kwenye gari lake siku hiyohiyo. Kwa fedha hiyo tukapata springi nzima na shokapu nzuri kutoka kwenye gari jingine la aina hiyohiyo lililokuwa limegongwa, na Masanja alizijaribu moja moja kwa mkono kabla ya kuzikubali. Tukabadilisha bushi zote za mpira, vitu vidogo ambavyo hakuna anayevitazama, na usukani ukaacha kuyumba. Tukaweka tairi za saizi ya kiwandani, nne zinazofanana, na nikajifunza kupima upepo mwenyewe. Diski za breki zikachongwa zikawa laini, pedi zikawa mpya, na mafuta ya breki yaliyokuwa meusi kama kahawa tukayamwaga. Ndipo tukafika kwenye injini, na huko hatukununua karibu chochote. Tulisafisha nozeli, tukaweka plagi mpya na eya klina mpya, Masanja akarekebisha mwako wake, basi. Spika kubwa na makorokoro yote ya kwenye buti nikayashusha. Ningesahau: kila hatua ikikamilika, shangazi alikuwa anakaa kiti cha nyuma na sufuria ya maji mapajani, nami nampeleka Igoma na kurudi. Mara ya kwanza alishuka amelowa. Mara nyingine nusu. Alikuwa anakunguta tu kitenge na kunionyesha.

Wakati huohuo kulikuwa na mama mmoja wa Kihaya, tulimwita Mama Koku, wakala wa vifaranga. Vifaranga walikuwa wanaletwa kwa ndege wakiwa ndiyo kwanza wametotolewa, na wateja wake wengi walikuwa ng'ambo ya pili, Sengerema, kwa hiyo ilibidi vifaranga wakimbizwe hadi Kigongo wakavuke na kivuko cha Busisi kabla jua halijakaza. Pikapu zilikuwa zinamtia hasara. Gari likirushwa, vifaranga wanajazana kona moja ya boksi, na walio chini wanakosa hewa. Ukienda polepole nako, unakosa kivuko na joto linawamaliza. Mama Koku akatangaza kwamba anatafuta gari moja la kudumu. Tukajitokeza wawili tu, mimi na Deo, ambaye shida ya kazi hakuwa nayo ila hakupenda kushindwa. Mama Koku akasema sawa, mtabeba wote asubuhi moja, maboksi sawasawa, na nitakayempa kazi ni yule ambaye vifaranga wake watafika ng'ambo wakiwa wazima na mapema.

Nilimwambia shangazi. Akasema anakuja. Alikuja na sufuria.

“Shangazi, hiyo ya nini?” nikamuuliza.

“Ni mchuzi,” akasema. “Nitakula nao ugali Busisi.” Na alikuwa amevaa kitenge kilekile cha harusi, kimefuliwa, kimepigwa pasi.

Mama Koku alipanga maboksi kwa mkono wake kwenye magari yote mawili, akatangulia na pikapu yake kutusubiri kivukoni. Tulipoondoka uwanja wa ndege Deo alinipita kwa ule mlio ambao zamani ulikuwa wangu, na ninakiri moyo uliruka. Mjini alikuwa mbele. Tulipoanza ile barabara mbovu ya Usagara nikaliona vumbi lake tu. Shangazi alikuwa anaimba wimbo wa kanisani taratibu, ameshika mfuniko kwa vidole viwili.

Halafu, mwanangu, vumbi likaanza kusogea karibu. Deo alikuwa na nguvu kuliko mimi, lakini kila penye shimo ilibidi akanyage breki hadi gari litambae, kwa sababu rimu pana na springi fupi zilikuwa zinamwadhibu. Akitoka shimoni anaunguruma, anafika kwenye shimo linalofuata, anatambaa tena. Mimi nilipunguza kidogo tu na kupita. Gari lilikuwa linashuka na kutulia, linashuka na kutulia. Barabara ilipopanuka nilimwonyesha taa, nikampita upande wake wa kulia bila hata kupiga honi. Nilimwona anafungua mdomo. Ninaifurahia sura ile hadi leo, Mungu anisamehe.

Tulipotokeza Kigongo kivuko kilikuwa kimeshawasha injini. Nafasi ilibaki ya gari moja dogo, na Mama Koku, ambaye alikuwa ameshaegesha pikapu yake ndani, alisimama pale nyuma akitazama barabara. Nikateremka ule mteremko wa ziwani, nikakanyaga breki mapema na kwa upole kama Masanja alivyonifunza, gari likanyooka, likasimama mbele ya mfanyakazi wa kivuko bila kupiga kelele hata ya tairi. Akanipungia mkono niingie. Deo alifika wakati mlango unainuliwa.

Katikati ya maji Mama Koku alifungua maboksi yangu moja baada ya jingine. Kelele za vifaranga zilivyotoka mle ndani, abiria wote wakageuka, wakaanza kucheka. Walikuwa wazima, wametawanyika vizuri, wananipigia kelele kana kwamba wananidai chakula. Mama Koku akayafunika tena. Alinishika mkono akaniuliza kama wiki ijayo nitaweza.

Nami nilimgeukia shangazi. Alikuwa amesimama kando ya gari, akajipapasa mapaja, akageuka nyuma nimwone mgongo, kisha akafunua sufuria. Mchuzi ulikuwa umejaa hadi pale alipoupima nyumbani. Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya watu wote wa kivuko, na sikuona aibu hata kidogo.

Kazi ile ndiyo iliyonijengea nyumba hii unayonywea chai. Gari lile likazaa la pili, na la pili likazaa mengine. Kaka zangu walianza kunipigia simu wakitaka ushauri wa magari. Na Deo alikuja kijiweni wiki ileile, akanong'ona kwamba nimwambie ukweli nimeweka nini kwenye injini. Nikamwambia plagi. Hakuamini, mpaka nilipompeleka kwa Masanja. Hakuuliza tena ninauza lini.

Basi sikiliza sasa, nikupe yangu. Ulilonunua ni gari zuri, limetoka kiwandani na mbio zake. Usianze na kile ambacho jirani atakisikia. Anza na kile kinachogusa ardhi, tairi, halafu breki, halafu shokapu na bushi, maana gari linaloweza kusimama na kutulia ndilo unaloweza kulikimbiza. Injini isafishe na uiheshimu. Uza usichokihitaji, na ukimpata wa kununua kwa furaha, usimcheke mbele yake. Na akitokea mtu asiyejua lolote kuhusu magari akakwambia neno, msikilize mpaka amalize, kwa sababu huenda amebeba kitu kichwani maisha yake yote bila kumwaga.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe macho ya kuona shimo mapema, mkono mtulivu kwenye usukani, na kazi nyingi isiyokupa nafasi ya kulala mchana. Akurudishe nyumbani kila safari. Jumapili uje unichukue twende kanisani. Nitavaa gauni langu jeupe, na sufuria ya mchuzi nitaipakata mwenyewe.