Code Inaenda kwa Muhindo

Mu commune yote ya Kampemba, Maman Kavugho njo patron moya tu wa salle ya jeux ya télévision mwenye hayuwe kucheza hata kintu moya. Manette, kile kintu ya kushika na kubinya mu kucheza, haigusake. Anasema iko na jasho ya bantu.

Yeye kazi yake njo maharagi. Miaka kumi na tano anauza mu gros, mifuko kwa mifuko. Mizigo ilikuwa inatoka kwabo, ku bilima ya Butembo, inapita Goma, inashuka mpaka ku ziwa, inavuka Kalemie, inafika huku na mavumbi yote ya inchi juu yake. Salle ilikuwa mawazo ya mudogo wake, Muhindo. Alikata dépôt katikati na ukuta ya contre-plaqué: upande moya maharagi, upande ingine télévision mbili, console mbili, na banc moya ya kanisa yenye paroisse ilitupa kwa sababu muguu moya ilivunjika. Bachezaji tulikuwa tunakaa pale sawa vile bantu banangojea kuungama zambi. Mavumbi ya maharagi ilikuwa inaingia mu console, na kila wakati moto yake ilizidi, ilikuwa inanuka chakula.

Mu mwezi wa kwanza wa 2025, Muhindo alienda Goma kupokea camion mbili. Alisema siku kumi. Siku ya tano, vita iliingia Goma. Téléphone yake ilinyamaza. Hapa ku aéroport ya Luano ndeke ya kule haikuonekana tena, kule benki balifunga, na zile camion mbili, hakuna muntu aliyua zilienda wapi. Mu dépôt kulibakia mufuko moya tu. Maman Kavugho aliuvuta mpaka pa mulango ya salle, aliukalia.

Bakliya ba maharagi balikuwa banakuya: "Maman, utuuzie basi hii yenye unakalia."

"Hii haiuzishwe. Hii iko kiti."

Bamama ba kanisa nabo balikuya. Bale balikuya pole-pole, na bifoulard bya mweusi, bya kilio, bimefichwa mu sakosi.

"Kavugho, mwezi inaingia ya tatu. Labda tukae hata siku moya, tulie kiloko, tuombe…"

"Tulilie nani?" alibauliza. "Salle yake iko wazi ao iko imefungwa?"

"Iko wazi."

"Basi. Muntu mwenye salle yake iko wazi hakufa. Siku itafungwa, mukuye na bifoulard."

Shiye tulikuwa pale ku banc, manette mu mikono, tulisikia yote. Toka ile siku tuliyua kama shiye njo tulikuwa tunashika ule muntu mu dunia. Na haikuwa kazi ya mwepesi, juu mu salle tulikuwa na jeux mbili tu: foot ya miaka tatu ya nyuma, yenye bachezaji bamoja sasa ni bakocha, na *Cogneurs 3*, jeu ya ngumi yenye tulicheza mpaka tunayua meno ngapi iko mu kinywa ya kila mupiganaji.

Sasa ile wakati, Adalbert, mwenye salle ya nyuma ya soko, aliandika ku ukuta yake na rangi nyekundu: HAPA COGNEURS 4 INAKUYA. Chini yake namba yake ya téléphone, kila chiffre mukubwa sawa muntu. Hata ukipita na macho ya kufunga ulikuwa unaisoma.

Batu balianza kupunguka. Tulikuwa kumi na mbili. Tulibakia saba. Tulibakia ine.

Mukubwa wetu alikuwa Stanislas. Nkambo yake, baba ya baba yake, alitumika ku chemin de fer, baba yake alitumika ku chemin de fer, yeye iko na miaka makumi tatu na ine, anangojea train. Tulikuwa tunamwita Directeur, juu anayua tarehe ya kutoka ya kila jeu ya dunia. Niliacha masomo mu quatrième, lakini kama mwalimu alikuwa anafundisha sawa Stani anasemaka jeux, mbona saa hii niko ministre.

Siku moya aliingia na mbio.

"Soldes! Soldes ya Pâques ilifunguka! *Cogneurs 4*, banakata zaidi ya nusu ya bei! Siku kumi tu!"

"Mi siiko na lazima na ya ine," alisema Tracy. Tracy anasuka bantu nywele pa avenue yetu, na vidole yake ku manette, hakuna mwanaume hata moya wa Kampemba alimushinda. "Balitangaza ya tano. Kwa nini ninunue nguo yenye kesho itakuwa ya zamani?"

"Ya tano itatoka lini?"

"Balisema *bientôt*, karibuni."

"*Bientôt*!" Stani alishika kichwa. "Tracy, dada yangu, courant ya umeme njo inarudi *bientôt*. Baba yangu njo atalipwa *bientôt*. Weye unataka kungojea *bientôt* ya batu benye hata hawakuyue?"

"Bande-annonce niliiona. Jasho inaonekana ku ngozi! Ya ine jasho yake iko sawa mafuta ya mawese."

"Kwani unacheza ao unafula nguo yabo?" nilimuuliza.

"Weye Chola nyamaza, nilikupiga jana na mukono moya, ingine nilikuwa nakula karanga."

Maman Kavugho, pa mufuko wake, alikuwa anasikiliza. Alitufanyia alama na kidole.

"Mukuye hapa. Hii bande-annonce njo nini?"

Stani alimuonyesha ku téléphone. Aliangalia mpaka mwisho, hakupepesa jicho. Kisha alisema: "Hii mi naiyua. Ni maharagi ya kinywa ya mufuko. Pa kinywa banaweka mazuri, meupe, inangaa. Chini iko mawe na wadudu. Iko wapi chuma ya kuchoma mufuko, tuone ya katikati?"

"Maman, jeu haichomwake."

"Basi mwizi iko ndani. Na hii ya soldes, kwa nini banashusha bei? Iliota mizizi?"

"Hapana, Maman. Ni siku-kuu."

"Siku-kuu bei inapanda, mwanangu. Mi niko mu soko tangu mbele uzaliwe." Alifikiri kiloko. "Lakini Adalbert atakuwa nayo?"

"Atakuwa nayo."

"Na nyinyi mutaenda kwake?"

Tracy aliangalia kucha zake. Miye niliangalia contre-plaqué.

"Nasikia," Maman alisema. "Tutainunua. Lakini hapana leo."

Sasa hapa njo makosa yetu ilianzia, na ni makosa yenye mutu wa gros tu anaweza kuifanya. Maman Kavugho alikuwa na sheria moya mu maisha: muuzaji haumuendeake asubui. Unamungojea achoke. Jua inamupiga, camion inataka kurudi, anakuita yeye mwenyewe, "Mama, beba, tusikosane." Vile njo alijenga nyumba. Kila siku Stani alikuwa anamulalamikia, "Maman, bei haishuke tena, njo vile balipanga," na yeye anamujibu, "Hajachoka. Angalia sura yake."

"Hana sura, Maman. Ni machine."

"Machine nayo inachokaka. Ya kwangu ya kusaga ilichoka."

Siku ya kumi, soldes ilikuwa ya kumalizika saa sita ya muchana. Saa tano na nusu Maman bado anangojea mutu amuite. Saa sita kasoro kumi Tracy alipiga magoti mbele ya mufuko, mbele ya batu. Njo Maman alisimama, alitoa carte ya kulipa mu kitenge, alimupatia Stani. "Haya. Lakini mwambie ule muuzaji mi sikufurahi."

Stani alikwaruza carte, aliandika namba zenye zilionekana, alibinya *acheter*. Shiye wote tulikuwa tumesimama nyuma yake.

Écran iliandika: *Tumekutumia code ku téléphone yako. Ingiza code.*

"Téléphone ya nani?" Maman aliuliza.

Stani hakugeuka. "Compte iko ya Muhindo, Maman. Code inaenda kwa Muhindo."

Nje mutu alikuwa anaita maji, maji.

"Inaenda?" Maman aliuliza tena, na sauti ingine.

"Banaandika ilitumwa."

Tulingojea dakika kumi. Téléphone yake Maman aliishika na mikono mbili sawa kifaranga. Kintu hapana. Saa sita ilipiga, na ku écran bei ilipanda yote, pale-pale, mbele ya macho yetu. Stani alitupa manette ku banc. "Ilimalizika. Ilimalizika, bandugu. Twende tu kwa Adalbert tukaombe viti."

"Tuma tena," Maman alisema.

"Maman, soldes ilimalizika."

"Mi nilikuuliza soldes? Nilisema tuma ile code."

Stani aliangalia Tracy, Tracy aliniangalia. Stani alituma.

Kesho yake, courant ilirudi saa ine. Tulikuta Maman amesimama mbele ya télévision. "Tuma." Na kesho ingine. Batu ba Adalbert balikuwa banapita mbele ya mulango, banaimba makusudi miziki ya *Cogneurs 4*, na shiye ine tulikuwa mule ndani tunatuma code ya jeu yenye hatuwezi kununua, ku téléphone ya mutu mwenye hatuyue iko wapi. Asubui moya, muchana moya, mangaribi moya, kila siku. Sijuwi kama ni sala ao ni wazimu. Stani mwenyewe, mwenye aliapa ataenda kwa Adalbert, hakuenda. Alisema mugongo inamuuma, na kwa Adalbert viti haina fashi ya kuegemea. Banc yetu nayo haina.

Jumapili moya, nyuma ya misa, bamama ba kanisa balirudia. Ile safari bifoulard haikufichwa tena. Balikuwa bameanza kukaa chini wakati mulango ilijaa: Adalbert. Mutu wa tumbo, jasho mpaka ku mukaba, téléphone juu sawa mwenye anapeleka mwizi kwa police.

"Maman Kavugho! Miye nakuheshimu! Sikukuya kugombana! Lakini ndugu yako, ananitukana kwa sababu gani?"



"Ndugu yangu gani?" Maman aliuliza.

"Uko na wangapi? Sikiliza!"

Alibinya. Sauti ilitoka, na nyuma yake mbuzi na moteur ya pikipiki:

"*Adalbert! Mwizi weye! Ninayua ni weye! Niko Butembo, nilitembea siku kumi na tisa, téléphone balininyanganya ku njia, chaussures vile vile, leo njo narudisha namba yangu, na kintu ya kwanza inaingia, ni nini? Code! Code! Code! Code! Hata kuhesabu siwezi, zote kwa mara moya! Unataka kuiba compte yangu juu unafikiri nilikufa? Sikukufa! Namba zote zilienda na téléphone, hata ya dada yangu siiko nayo mu kichwa, ya kwako tu njo iko, juu uliiandika ku ukuta sawa mulozi! Gusa ile compte, nitakuya huko na miguu! Mjinga mwenye tumbo!*"

Ilikatika.

Mama moya wa kanisa alirudisha foulard yake mu sakosi, pole-pole, sawa mutu anarudisha nyama yenye aliiba.

"Umesikia?" Adalbert alisema. "Mjinga mwenye tumbo! Miye! Na sikugusa kintu!"

"Rudisha," Maman alisema.

"Nirudishe nini?"

"Sauti. Toka pale pa 'mwizi'."

Alirudisha. Maman alilomba tena. Alirudisha. Ya tano Maman alianza kucheka, ya saba machozi ilikuwa inamutoka na kucheka haikuacha, na pa "mjinga mwenye tumbo" alikuwa anasema pamoja na ndugu yake, neno kwa neno, sawa litani. Adalbert alisimama pale anatukanwa mara kumi na moya, hakuyue tena akasirike ao aitike amina.

Kisha Maman alishuka ku mufuko. Alitoa kisu, alikata kamba. Miezi tatu hatukuona mutu anaufungua. Alichota meka tatu ya kujaa, ile kopo ya kupimia, kila moya na mulima juu yake, aliimwanga mu kofia ya Adalbert.

"Kwa kinywa ya ndugu yangu," alisema. "Unisamehe."

Adalbert aliangalia kofia. "Haina mawe?"

"Choma uone."

Tulijaribu kumupigia Muhindo pale-pale na téléphone ya Adalbert. Haipite. Mara tatu, haipite. Maman aliangalia télévision, alituangalia.

"Sauti haipite. Code inapitaka?"

"Code inapitaka, Maman," Stani alisema.

"Nipatie ile kintu."

Njo siku ya kwanza nilimuona na manette. Aliipanguza kwanza na kitenge, mbele na nyuma, aliishika mbali na yeye sawa sufuria ya bukari ya moto. Tracy alimuonyesha fashi ya kubinya. Alibinya na kidole gumba, nguvu yote, sawa mwenye anapigisha cachet.

*Tumekutumia code*, écran iliandika.

Tulikaa. Bamama ba kanisa, bachezaji ine, Adalbert na kofia yake, wote ku banc ya muguu moya mubaya. Dakika ya tisa, téléphone ya Adalbert ililia.

Aliangalia namba, aliweka ile sauti ku sikio, alishusha mabega.

"Bandugu," alisema, "sasa ananiita mulozi."

"Ongeza sauti," Maman Kavugho alisema.