Ubeti wa Mwisho Ulikuwa Wangu

Walioniharibia ni watatu. Majina yao nayahifadhi kwa sababu wana watoto wanaosoma na wangu, lakini kazi zao nitazitaja: mkubwa wa burudani katika hoteli moja ya Diani, binamu yangu aliyekuwa kiongozi wa kikundi chetu, na mwalimu wa maigizo wa sekondari moja huku Msambweni.

Mimi kusoma kwangu kuliishia darasa la tano. Lakini michezo ya kuimba natunga tangu usichana, mwanzo hadi mwisho, kichwani, huku nakuna nazi. Nilianzia harusini. Kwetu mtungaji hatii sahihi. Anajitaja katika kaditamati, ule ubeti wa mwisho, aseme ni nani na ni mtoto wa nani. Ubeti huo ukifika, hata wanaokula hunyamaza. Wangu ulianza hivi:

*Mtungaji wa Jegoni, mwana wa mfuma nyavu.*

Mfuma nyavu alikuwa baba. Amekufa hajausikia jukwaani. Mchezo wangu mkubwa, ule wa dada anayenyimwa minazi ya urithi na kaka zake, ulichezwa hotelini miaka na miaka, na watu wa kijiji chetu cha Jego pale getini hawapiti. Hata wangepita, wangesikia nini? Mkubwa wa burudani aliukata ubeti. Alisema wageni wakishakula wanataka kuinuliwa wacheze, hawana haja ya kujua nani kafuma nini. Nikamtazama binamu yangu aseme neno. Akasema sawa, bosi.

Kikundi kikavunjika, nikabaki na uchungu wangu na mama yangu mzee. Yeye alikuwa na hamu moja tu, aisikie kaditamati ile ikiimbwa mbele ya watu kabla hajafumba macho.

Ndipo akaja mwalimu. Shikamoo mama, marahaba, akala mahamri yangu kwa mbaazi, kisha akaomba mchezo wa minazi, wasichana wake wakashindane nao kwenye tamasha mjini Kwale. Nikamwimbia wote, yeye akiandika. Sharti langu lilikuwa kaditamati isiguswe. Akaapa wallahi, nami nikaamini.

Siku ya tamasha nikamtoa mama Jego, kajifunga leso mpya, nikamkalisha mbele. Wasichana waliimba vizuri, hilo siwadhulumu. Walipokaribia mwisho mama akanishika goti. Wakaimba kwamba mtungaji ni mwalimu wao, na shule yao ndiyo taa ya Kwale.

Sasa kwetu harusini, mwimbaji akipotea, mwanamke mzima aliye karibu humdokeza ubeti naye akaupokea. Ndiyo adabu. Mama akadhani watoto wamesahau. Akasimama, na kile kisauti chake cha kukwaruza: *Mtungaji wa Jegoni...* Msichana aliyeongoza akanyamaza. Akamtazama mwalimu, akamtazama mama, asijue amfuate nani. Wenziwe wawili watatu wakampokea mama, wengine wakashikilia ya mwalimu, wimbo ukavurugika. Ukumbi ukacheka. Majaji wakaandika. Mtu mmoja mwenye beji akaja kumwambia mama akae au atoke.

Hawakushinda. Nje mwalimu akanifuata.

"Mama, mmetuangusha. Si ni ubeti mmoja tu?"

"Kama ni mmoja tu, mbona uliutaka?"

Mpaka leo tukikutana stendi hujifanya anaongea na simu.

Lakini mama alirudi na furaha zake. Njia nzima akinisimulia, kana kwamba mimi sikuwapo.

"Nimewaokoa watoto wa watu, mwanangu. Walikuwa wameshakusahau."

Nikamwambia ahsante mama. Ningemwambia nini? Anasema safari nyingine nimkalishe karibu zaidi, wapate kumsikia vizuri. Na kila akisikia wanafunzi wameanza mazoezi, huniuliza kama mwalimu ameshakuja.

Namwambia bado.