Siku Kumi na Tisa za Sufuri

Baba alipotea Jumanne asubuhi, nikiwa naanika nguo nje ya nyumba yetu mtaani Sarang'ombe. Alinipita amevaa koti lake la kazi, akasema anaenda kumalizia kitanda cha mteja. Nilimwitikia tu. Alikuwa hajashika randa miaka mitatu, tangu akili ianze kumtoka, lakini kila asubuhi alikuwa na kitanda cha kumalizia, na kila asubuhi aliishia kwa jirani, akapewa kiti na chai. Siku hiyo hakufika kwa jirani.

Mimi na kaka yangu tulipiga ripoti polisi, tukazunguka hospitali, tukaingia mochari. Muuza makaa mmoja wa mtaa wa Silanga, karibu na bwawa, alisema ameona mzee akielekea majini. Kaka yangu akaingia kwenye magugu ameshika mti mrefu, akawa anadunga maji, na mimi nimesimama ukingoni naomba mti usiguse kitu.

Kazi yangu ilikuwa kwenye cyber, duka la intaneti karibu na mtaa wa Ayany, kuwajazia watu fomu na kuwatengenezea wenye biashara tovuti ndogo ndogo. Siku ya nne nilimtengenezea Baba tovuti: picha yake, koti, kidole cha kushoto kilichokatwa na msumeno, namba yangu ya simu. Niliwaza, mtu akimwokota mzee asiyejijua, ataandika kwenye simu, na ukurasa wangu utatokea. Nikaiunganisha na kile kifaa cha bure cha mtandaoni kinachomwambia mwenye tovuti kama anaonekana watu wakitafuta: ukurasa umetokea mara ngapi, uko nambari ya ngapi, na watu waliandika maneno gani.

Kilionyesha sufuri. Tovuti mpya huchukua muda. Hayo nilikuwa nawaambia wateja kila siku. Nikangoja. Nikimaliza fomu ya mtu, nafungua: sufuri. Wiki ya pili, sufuri. Kaka yangu alikuwa akipita cyber kila jioni akitoka mjengo, anasimama mlangoni na vumbi la simiti usoni.

"Bado?"

"Bado."

Siku ya kumi na tisa tangu niitengeneze, nilibonyeza mahali ambapo sikuwa nimebonyeza, pale pa kukagua ukurasa mmoja mmoja. Jibu likaja kwamba ukurasa umezuiwa na mwenye tovuti. Mwenye tovuti ni mimi. Kuna kisanduku tunachokitia alama tukiwa bado tunajenga, ili watu wakitafuta wasiipate kazi nusu. Nilikitia kwa mazoea, na sikukitoa. Siku zote hizo nilikuwa nimemficha baba yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilitoa alama, nikaomba ukurasa ukaguliwe upya, nikaenda chooni nikakaa sakafuni. Mteja alibisha mara mbili, akaenda zake. Kaka yangu alipokuja jioni nilimwambia bado.

Siku ya tatu baada ya hapo sufuri ikaondoka. Chini yake kulikuwa na maneno ambayo mtu alikuwa ameandika: "mzee amepotea kawangware hajui jina lake". Ukurasa wangu ulikuwa nambari arobaini na moja. Hakuna aliyeufungua.

"Kawangware alifanya kazi akiwa kijana," kaka yangu akasema. "Kabla hata tuzaliwe. Si waseme ni nani ametafuta?"

"Hawasemi. Wanatoa maneno tu."

Akaacha kazi, akaenda huko kuuliza ploti kwa ploti, kwenye nyumba za kupanga. Mimi nikabadilisha kichwa cha ukurasa, nikaandika maneno yale yale, neno kwa neno. Kila siku nilitazama: ishirini na sita, kumi na nne, saba. Siku ulipofika nambari tatu, simu ililia.

"Wewe ndiye uliyepotelewa na mzee?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima. "Wa kidole?"

Alikuwa mwenye ploti huko Kawangware, mama wa kanisa. Tulimkuta Baba kwenye kochi lake, amekonda, mguu wa kulia umefungwa kitambaa, na harufu ya mguu huo ilitupokea mlangoni. Alikanyaga msumari siku zile za kwanza. Hakunijua. Aliniita sista.

"Chifu aliniambia nikae na yeye," yule mama akasema. "Hospitali walimsafisha kidonda, lakini kumpasua walitaka mtu wake wa kutia sahihi. Hiyo wiki ya kwanza nilitafuta kwa simu kila siku. Hakukuwa na kitu. Nikasema basi, huyu hana watu. Wiki hii nikaanza kujaribu tena kila siku."

Nilimshukuru. Sikuweza kumtazama.

Nilitia sahihi alasiri hiyo hiyo, na mguu ukakatwa chini ya goti. Daktari alisema wiki mbili mapema wangeokoa sehemu kubwa. Tukiwa kwenye benchi la wodi nikamweleza kaka yangu kuhusu kisanduku. Alisikiliza hadi mwisho, akiangalia mikono yake.

"Ulijua lini?"

"Siku tatu kabla ya yale maneno."

Akainuka akaingia kumgeuza Baba, kwa sababu nesi alisema ageuzwe kila saa mbili. Nami nikamfuata, nikashika upande wa miguu.