Farasi wa Kukomesha

Nikipita Likasi ninalala kwa Mbombo, kule Kikula. Baba yake alikuwa rafiki yangu, na bukari anayosonga, ugali wa huku, haina madonge. Mimi ni mtu wa njia; leo niko huku, mwezi ujao Mungu anajua. Lakini kwa Mbombo nikifika, hata kama nimekawia mwaka, hakuna anayeniuliza nimetoka wapi. Wananionyesha beseni la karanga, nami naketi kubangua.

Watu wanamwita Mama Jessica, kwa jina la binti yake mkubwa. Asubuhi anauza unga sokoni, mchana anapika, jioni ana mazoezi ya kwaya. Bwana yake, Evariste, anafanya kazi ya zamu kiwandani huko Shituru, kwa hiyo katika nyumba ile daima kuna mmoja anayelala na wengine wanaoambiwa wanyamaze. Halafu kuna Merdi, mtoto wa mwisho, ambaye homa haimuachi apumue.

Juu ya hayo yote, kulikuwa na farasi.

Nje kidogo ya mji kulikuwa na klabu ambako wakubwa wa migodi walipanda farasi siku ya Jumapili. Baba ya Mbombo ndiye aliyewalisha na kuwapiga brashi. Klabu ilikufa polepole. Wenyewe walirudi kwao mmoja mmoja, farasi wakabaki. Mzee naye alipokufa, Mbombo hakuweza kupita pale na wanyama wanamtazama juu ya ukuta. Akaanza kuwatafutia watu wenye shamba na majani. Mmoja alikwenda kwa Gauthier, mkulima wa barabara ya Mulungwishi, mwingine kwa mchungaji mmoja wa kanisa. Masharti yake yalikuwa mepesi: usimuuze, usimchinje, umtunze mpaka afe mwenyewe kwa uzee. Na kabla ya kumtoa farasi, lazima Mbombo aende kwanza kuona pale atakapolala.

Majirani walimcheka sana.

"Mama Jessica! Batoto ya bantu bako mu barabara, weye unatafutia farasi bazazi?"

"Mutoto wa muntu anayua kuomba," aliwajibu. "Farasi hayue."

Kazi hiyo aliiita kukomesha. Huku kwetu Katanga, kukomesha mtoto ni kumpa chakula, kumvika, kumtuma shuleni mpaka awe mtu mzima. Mama aliyekomesha watoto wengi anapewa kiti cha mbele kwenye arusi. Basi Mbombo alichukua kibao, akaandika kwa rangi nyeupe FARASI YA KUKOMESHA, na nambari ya simu chini, akakitundika kwenye geti la klabu, upande wa barabara ya malori.

Walikuwa wamebaki wawili: Baron, mzee wa meno mabovu, na Violette, jike mwekundu mwenye woga.

Aliyepiga simu ni Gervas, kijana wa Sumbawanga, Tanzania. Ana kiwanja kikubwa hapo Likasi ambako malori ya kwao yanalala na kutengenezwa. Maneno yao nilisimuliwa na mmoja, kisha na mwingine, na yalilingana. Mbombo alikuwa hospitalini, Merdi amelala mapajani na sindano ya serum mkononi.

"Shikamoo mama. Nimeona kibao chenu. Hao farasi ni wa kukomesha kweli?"

"Jambo papa. Ndiyo, ni wa kukomesha. Minatafuta tu muntu wa roho muzuri."

"Mimi nina nafasi. Kuna ukuta, na kuna mbwa wakubwa wengi."

"Ah, muzuri! Bwizi habataingia. Lakini ule muzee, Baron, iko na meno mubaya. Umukomeshe polepole."

"Polepole? Hapana mama, hiyo si huruma. Mimi namkomesha mara moja. Hatasikia uchungu wowote."

Mbombo alifurahi. Alijisemea: huyu kijana wa watu hana uvivu, anataka kuanza leo, na meno ya Baron hayatauma tena. Muuguzi alikuwa anamwita, chupa ya serum ilikuwa imeisha. Kwenda kuona mahali, hakwenda. Alimwambia tu mlinzi wa klabu afungue geti. Jumamosi lori la Gervas lilimchukua Baron. Jumanne lilirudi kumchukua Violette.

Jumanne hiyo nilikuwa pale. Merdi alikuwa amerudi nyumbani, anakula tena. Mbombo alikuwa anachekecha unga huku akiimba sauti ya pili ya kwaya. Simu ikalia, akaibana kati ya sikio na bega.

"Mama, samahani, nilisahau kuuliza," alisema Gervas. "Ngozi mnaitaka? Ya yule wa kwanza nimeitia chumvi, iko vizuri."

"Ngozi ya nani?"

"Ya Baron."

Chekeche lilisimama.

"Na Violette?"

"Huyu bado. Kijana wangu ndiyo ananoa kisu."

"Usimuguse! Papa, usimuguse! Ninakuya!"

Alitoka na unga mpaka kwenye viwiko. Jessica akabaki na Merdi. Sisi wawili tulipanda pikipiki moja ya taxi-moto, mimi nyuma kabisa, nimeshika shati la dereva nisiyemjua, na Mbombo katikati akimpiga mgongoni kama ngoma.

Violette alikuwa amefungwa kwenye lori bovu. Mbwa walikuwa wamekaa mstari mmoja, wanangoja. Gervas alikuja na viatu vyake vya ngozi, uso wote ni mshangao.

"Ulisema utamukomesha!" Mbombo alilia.

"Ndivyo nilivyosema, mama. Nawe ukasema ndiyo."

"Mi nilisema kukomesha! Sawa mutoto! Kumupatia chakula, kumupatia maji, mupaka anakuwa muzee!"

"Kwetu hiyo ni kulea, mama." Kijana alivua kofia. "Kukomesha ni kumaliza. Ni kitu kisiwepo tena."

Mbwa mmoja alipiga miayo.

"Nilidhani ni wagonjwa," Gervas aliendelea, kwa sauti ya chini. "Nikasema mwenye mali hataki kuwaona wakiteseka, na mbwa wangu wanakula nyama. Nilijiuliza, mama mwenye sauti ya upole hivi, mbona roho yake ngumu."

"Baron alifanya namna gani?"

"Alikula pumba mkononi mwangu. Hakujua kitu, mama. Nakuapia."

"Bosi," fundi mmoja aliuliza kutoka chini ya lori, "sasa mbwa watakula nini?"

"Nyamaza, wasije wakakula wewe."

Mbombo alikuwa ameweka uso wake kwenye shingo ya Violette. Alipougeuza, shingo ile nyekundu ilikuwa nyeupe kwa unga.

"Niachie huyu mmoja," Gervas aliomba. "Nitamlea. Kulea, mama, kwa lugha yoyote unayotaka."

Mbombo aliwatazama mbwa, akamtazama yeye.

"Hauko mubaya, papa. Lakini hapana."

Tulirudi kwa miguu, farasi katikati yetu. Kwenye reli aliogopa chuma, akagoma, ikabidi Mbombo amfunike macho kwa kitenge chake. Watu walitoka kuangalia. Mmoja akapiga kelele, "Mama, nyama ile unauzisha bei gani?" Siku nyingine angemjibu hata kabla hajamaliza.

Evariste alikuwa mlangoni akiutazama ua, macho bado yana usingizi.

"Mama Jessica. Kile ni nini mu parcelle yangu?"

Mbombo alimwambia yote, amesimama palepale. Evariste aliwahi kusema farasi hatalala kwake hata siku moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na ndoo ya maji aliyokuwa amewekewa ya kuoga, akaiweka mbele ya Violette.

Jessica alikuja amembeba Merdi.

"Na Baron?"

Evariste alimfanyia mke wake ishara ya kichwa: mpe mtoto neno jepesi. Mbombo aliiona ishara.

"Baron alikufa, Jessica. Bamemuchinja. Ni mi nilimutuma kule bila kuenda kuona."

"Juu Merdi alikuwa mugonjwa?"

"Hapana. Haiko juu ya Merdi. Juu yangu mi."

Msichana alimhamishia mdogo wake bega la pili. Kisha akauliza, "Na bale bengine? Bale ulipana mbele? Bale bantu balisikia 'kukomesha' namna gani?"

Nilimwona Mbombo akifungua mdomo kusema kwamba hao alikwenda mwenyewe kuwaona. Akaufunga. Alikwenda, ndiyo, lakini siku moja, na tangu siku hiyo kulikuwa na soko, kwaya, zamu, homa. Akapangusa unga kwenye kioo cha simu, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Allô, Papa Gauthier? Ni Mama Jessica wa Kikula. Farasi iko?... Hapana, papa, usinijibu 'muzuri' tu. Toka inje. Toka inje, umuangalie kwa macho yako, uniambie anasimama wapi."