Mto Ambao Kaka Yangu Hakuuvuka

Ni nani wa kwanza kati yetu aliyesema, juu ya mtu aliyekwenda Kitale, kwamba "amevuka Nzoia"? Nimeliuliza swali hili tangu ujana wangu na bado sina jibu. Atokaye kwetu Bungoma kwenda Kitale hauvuki mto huo popote. Atauvuka Kuywa, atauvuka Kamukuywa, ataruka vijito ambavyo hata wenyeji wake hawajavipa majina. Nzoia wenyewe hubaki mbali mkono wa kulia, ukiteremka zake kwenda ziwani, wala haumzibii mtu njia.

Hata hivyo nimekua nikiusikia msemo huo. Fulani amevuka Nzoia: maana yake amekwenda kuishi katika mashamba ya walowezi, msimhesabu tena. Ng'ombe akichinjwa, fungu lake halitengwi. Ardhi ikigawanywa, wazee humpita kama wapitavyo kisiki. Hakulaaniwa, hakufukuzwa, na hakuna aliyemchukia. Alitamkiwa maneno mawili tu, yakatosha.

Kaka yangu mkubwa alitamkiwa maneno hayo katika miaka ya ishirini, mimi nikiwa bado nachunga mbuzi. Alikwenda kuendesha maksai wa kukokota plau katika shamba la mzungu mmoja nje ya Kitale. Mkataba ulimruhusu kujenga kibanda, kulima kipande na kufuga ng'ombe wake wachache, mradi kazi ya bwana shamba itangulie. Nilipobalehe nilipewa ruhusa ya kumtembelea. Kamukuywa ulinilowesha hadi kiunoni. Kutoka hapo nikapita Ndalu nikiwa nimejiandaa kwa maji makubwa zaidi. Nilifika Kitale miguu ikiwa imekauka.

"Kaka, mto uko wapi?" nilimwuliza kabla sijaketi.

"Mto gani? Si umeshalowa? Unataka kuzama ndio uamini umefika?"

Nilipokwenda chuo cha ualimu nilidhani nimelipata jibu katika ramani. Walowezi walifika nyanda zile kwa magari ya maksai kutoka upande wa Eldoret, na wao walivuka Nzoia kwelikweli. Kwao nchi ile ilikuwa ng'ambo ya Nzoia, nao wakaiandika hivyo kuwa jina la wilaya nzima. Nilirudi nyumbani na cheti na maelezo hayo, nikiwaambia walimu wenzangu kwamba tunaitazama nchi jirani kwa macho ya watu walioingilia mlango mwingine. Nilijiona nimemaliza kazi, mpaka shangazi yangu, dada ya marehemu baba, aliponisikia.

"Ati wazungu?" alisema. "Mwanangu, sisi tulisema hivyo nikiwa msichana, kabla sijaona mzungu hata mmoja. Watu walikwenda kusini, njaa ikiwafukuza. Waliuvuka Nzoia huu huu. Kule wakapokewa na koo nyingine, wakapewa mashamba. Sasa mtu ana shamba kule, unamwekea la pili huku ili iweje?"

Basi msemo ulikuwa wetu, na ulikuwa na haki ndani yake: aliyepata ng'ambo asidai nyumbani. Ila ni lini ulihama kutoka kusini ukaelekea Kitale, na ni nani aliyeuhamisha? Shangazi hakujua. Yawezekana jina la wilaya liliukuta msemo wa kale likaupanda mgongoni. Yawezekana pia mtu mmoja aliyekuwa na haja ya shamba la nduguye aliutamka siku moja, na hakuna aliyempinga. Sijui, na kutojua huko kungekuwa starehe ya msomi kama kaka yangu asingerudi.

Alirudi mwaka huu, kiangazi kikiwa kinaisha. Mzungu wake alinunua matrekta, akapunguza mifugo ya wafanyakazi, hatimaye akakataa kuwapa mkataba mpya. Kaka alikuja na mke, watoto na masufuria, akalala katika ghala langu la mahindi. Baba alikwisha kufa. Ardhi ilikuwa mikononi mwa baba mdogo. Watu walikuwa wameshaanza kutifua wakingoja mvua, na kaka yangu, mlimaji tangu ujana, hakuwa na mahali pa kutia mbegu moja. Asipopanda msimu huu, watoto wake watakula nini hadi mwaka wa pili?

Niliitisha kikao nyumbani kwa baba mdogo, nikasimama kama nisimamavyo darasani. Nilieleza njia ya Kitale, mto kwa mto. Nikaeleza waliokwenda kusini walipewa nini, kisha nikauliza kaka yangu alipewa nini huko alikotoka. Kibanda chenyewe kilibomolewa.

Baba mdogo alinisikiliza akitafuna mua.

"Mwalimu," alisema, nami nilijua nimeshindwa, kwa kuwa huniita hivyo anapotaka kunidhihaki, "umesema vizuri. Hata wale ng'ombe pale wamejifunza. Lakini alivuka au hakuvuka?"

"Hakuvuka, baba. Hakuna mto wa kuvuka."

"Basi alipotelea wapi miaka yote hii? Alikuwa chooni?"

Watu walicheka. Binamu mmoja akadakia, "Si alikuwa anakunywa maziwa ya mzungu? Sisi hapa tunakunywa uji!"

"Shamba la baba yenu nimelilima mimi," baba mdogo aliendelea, sasa bila mzaha. "Wanangu wamejenga humo. Nimwondoe nani? Wewe una fungu lako, nilikupa ulipooa. Lako ni lako. Ukitaka kulitupa, tupa."

Kilichoniudhi kuliko kicheko chao ni kaka mwenyewe. Njiani kurudi alisema kwa upole, "Wacha, ndugu yangu. Hawakosei. Mimi nilivuka."

"Uliuvuka wapi? Nionyeshe!"

"Unapiga kelele kwa nini? Si mimi nisiye na shamba?"

Nilikuwa nimewaletea ushahidi ambao mahakama yoyote ingeupokea, nao ukaanguka mbele ya msemo mmoja, na yule niliyemtetea akawa shahidi wa upande wa pili.

Nyumbani nilimweleza mke wangu nilichokuwa nakifikiria: kumpa kaka kipande cha chini, kinachofika kijitoni, ambapo tulikusudia kupanda kahawa na kujenga nyumba ya bati.

"Na vijana wetu wakioa," aliuliza, "tutawaambia wavuke mto upi?"

"Sijui."

"Haya. Jua kwamba hujui, halafu ufanye. Usije ukamlaumu kaka yako baadaye."

Asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, nilikwenda kipande cha chini na panga, jembe na machipukizi ya mkonge. Kwetu mpaka hupandwa na wawili: anayetoa huweka mkonge wa kwanza, anayepokea huweka wa pili, na jirani husimama atazame. Shangazi alikubali kusimama mahali pa jirani. Nilichimba shimo kwenye kichuguu, nikatia mkonge, nikaukanyagia kwa kisigino. Kaka alibaki na wa kwake mkononi, akatazama juu kuelekea nyumba ya baba mdogo, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa bado nina hasira na wote, yeye akiwemo, nikamwambia achimbe kabla jua halijawa kali.

Akachimba. Mkewe hakungoja tumalize mstari. Alikwisha kuingia ndani ya kipande na jembe lake, akaanza kutifua.