Mama wa Benchini na Seva ya Kamanga

Hili sikusimuliwa. Lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na mwenye kucheka acheke.

Mimi ni fundi wa kompyuta, naishi Nyakato. Nilikuwa nikihudumia seva ya zahanati moja ng'ambo ya ziwa, Kamanga, yaani ile kompyuta kuu inayotunza majina ya wagonjwa. Kila kitu tulikuwa tumeshakihamishia kwenye seva mpya. Hii ya zamani ikabaki imewashwa tu, haina kazi. Sasa kwa nini kila nikiichungulia kutoka nyumbani naikuta imeelemewa na mzigo wa kazi?

Jumapili moja nikapanda kivuko, nikavuka. Kwenye korido ya zahanati alikuwepo mama mmoja, peke yake benchini, ameshika tumbo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wameshafika kwenye jina langu? Naitwa Kokugonza."

Nikamwambia nitamuulizia, nikaingia chumba cha seva.

Nikachomoa waya wa mtandao, nijue kama kuna anayeitumia kutoka nje. Mzigo uko palepale. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, imetulia kabisa, ila kuna kazi moja imekwama, inasubiri diski. Nikaiamuru ife, haikufa. Nikatazama inataka kufungua faili gani. Lilikuwa faili la mgonjwa: Kokugonza.

Nikatoka mbio. Benchi tupu. Nikamuuliza nesi wa zamu yule mama kaenda wapi.

"Mama gani? Leo hakuna aliyekaa hapo."

Nikalitaja jina. Nesi akakaa chini, sakafuni, na sare yake nyeupe vilevile.

"Huyo alifia kwenye benchi hilo mwaka jana," akasema. "Mfumo ulikuwa umezimwa. Nikamwambia asubiri urudi, ndipo nimwandikishe. Kumbe alikuwa anavuja damu ndani kwa ndani."

Na unajua ni nani aliyeuzima mfumo siku ya kazi, eti aufanyie matengenezo? Ni mimi. Nilikuwa nyumbani, nakunywa chai.

Nesi akainuka, akasimama kwenye mlango wa daktari, akaita kama anavyoita wagonjwa wote: "Kokugonza! Karibu ndani, mama."

Niliporudi kwenye seva, mzigo ulikuwa sifuri.

Tuliizima siku hiyohiyo. Lakini hadi leo nikisikia mtu wa dirishani anasema, "Mfumo uko chini, subiri kidogo," nageuka kutazama aliyeambiwa. Wewe unayekaa dirisha hilo, nakusihi: chukua kalamu, andika kwenye karatasi yoyote, mgonjwa aingie. Usije ukamwacha mtu anasubiri, akaendelea kusubiri hata baada ya kuzikwa.